Boksi la Stelingi Juu ya Rafu



Juma lililopita hamkupata tafakari yetu, na wachache kati yenu mlituandikia kuuliza kama tu wagonjwa. Tunawashukuru kwa kutujali. Hatukuwa wagonjwa, tulikuwa na kidole gumba kilichovimba kiasi cha kutoweza kupiga taipu, na kilichokivimbisha ni spana iliyoteleza kwenye nati ya gari lenye umri unaokaribia miaka sitini. Mmoja wenu tuliyemjibu hivyo alitaka kujua padre alikuwa akitafuta nini chini ya gari. Swali ni la haki, nalo jibu lake si fupi.

Kama mjuavyo, utume wetu kwa sasa uko Marekani, katika mji wa Saginaw, Michigan. Huu ni mji wa stelingi. Mwaka 1906 ilianzishwa hapa karakana iliyoitwa Jackson, Church and Wilcox, ikanunuliwa na Buick mwaka 1909, na baadaye ikawa idara ya General Motors iliyojulikana kwa jina la Saginaw Steering Gear. Maboksi ya stelingi yaliyotengenezwa hapa yaliingia katika magari mengi mno ya Marekani, kiasi kwamba mafundi wa nchi hii wakisema «Saginaw» aghalabu hawamaanishi mji bali boksi. Kiwanda kingalipo, kwa jina la Nexteer, na katika parokia yetu ni vigumu kupata ukoo usio na babu au shangazi aliyefanya kazi humo.

Miongoni mwa waumini wetu yuko mgane wa miaka 79 aliyefanya kazi kiwandani humo kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, alinunua Chevrolet Chevelle SS 396, jipya, kwa fedha yake ya kwanza ya maana. Ni moja ya yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli: umbo la wastani lililopachikwa injini ya gari kubwa. Watu wengi huanza kuyahesabu tangu Pontiac GTO ya mwaka 1964, na enzi yake ilififia mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale gharama za bima, sheria za moshi na hatimaye uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 vilipoyazingira. Injini ya Chevelle hilo ina silinda nane na ujazo wa lita 6.5, nayo imekaa mbele, juu ya magurudumu yaleyale yanayopaswa kugeuka. Hilo likumbukwe, kwa maana ndilo litakalotutesa baadaye.

Gari lilitoka kiwandani bila pawa stelingi, kwa kuwa siku zile ilikuwa nyongeza ya kulipiwa, na kijana huyo alikuwa amekwisha fedha. Alioa mwaka 1970. Mkewe, kwa maneno ya mzee mwenyewe, alilipenda gari kuliko alivyompenda aliyelinunua, akaliendesha sokoni, shuleni na kanisani. Kisha mwaka 1983 baridi yabisi ikamshika viganja, akawa hawezi tena kuligeuza. Mumewe hakusema neno. Alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akatoa boksi la pawa na pampu yake katika Chevelle nyingine iliyokwisha kufa, akavifunga kwa siku mbili. Boksi la awali alilipaka grisi, akalizungushia kipande cha turubai na kuliweka juu ya rafu ya gereji. Likakaa hapo miaka arobaini na ushei. Mama huyo alifariki mwaka 2022.

Binti yao mkubwa, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyetufuata mlangoni mwa sakristia Jumapili moja baada ya Misa. Alikuwa na hasira ambayo alikuwa akiifunga kwa heshima. «Padre,» alisema, «baba anataka kumng'oa mama kwenye gari.» Akatueleza kwamba mzee ameamua kuondoa pawa stelingi na kurudisha boksi la kale, kwamba bega lake la kulia lilifanyiwa upasuaji na halina nguvu ya kushindana na gari la kilo zaidi ya 1,600, kwamba mtu wa umri huo angepaswa kutafuta usukani mwepesi zaidi, si mzito zaidi. Akatuomba tuseme naye, kwa kuwa sisi atatusikiliza. Tukaahidi.

Tulikwenda Jumatano jioni tukiwa na hotuba tuliyoiandaa njiani. Tulimkuta gerejini, gari limeinuliwa juu ya vigingi, na chini yake doa la mafuta lenye ukubwa wa sinia. Sili ya pampu ilikuwa imekwisha na bomba moja la mpira lilikuwa likivuja. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo waumini wengi hutufanyia kwa adabu tu, kisha akatukabidhi tochi ili tummulikie.

Alipokuwa akipapasa kule chini ndipo alipojibu. Alisema hajaliendesha gari hilo hata mara moja tangu mazishi. Alijaribu mara mbili. Kila alipoushika usukani, uligeuka kabla hajauamuru, kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa akiugeuza mkewe huku mkono wa pili akiushikilia kwenye dirisha. «Huu ni usukani wake, Padre. Siwezi kuushika. Wangu ni ule.» Akaelekeza tochi yetu juu ya rafu.

Tunakiri kwamba hotuba yetu haikuwa na aya ya kulijibu hilo.

Hata hivyo hatukukubali kirahisi, maana tulikuwa tumeahidi. Tukatoa shauri tulilodhani la busara: kwa nini asiuondoe tu mkanda unaozungusha pampu, akaliacha boksi mahali pake? Pampu ingelala, uvujaji ungekoma, usukani ungekuwa mzito kama anavyotaka, na siku mioyo ikitulia mkanda ungerudishwa. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Alituketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutufundisha, nasi tunawapa kwa ufupi yale tuliyoyaelewa.

Ndani ya boksi la stelingi la aina hii mna mhimili wenye nyuzi kama za skrubu kubwa. Juu yake huvaa nati ya chuma, lakini nati hiyo haigusani na skrubu moja kwa moja. Kati yake zinapita gololi za chuma, zikizunguka katika mfereji na kurudishwa kwa vijibomba vidogo, ili msuguano uwe mdogo. Nati ikipanda au kushuka, meno yaliyochongwa ubavuni mwake huuzungusha mhimili mwingine unaotoka chini ya boksi, na huo huuvuta mkono uitwao pitimani, nao huvuta vyuma vinavyofika kwenye magurudumu. Katika boksi la kawaida la Chevelle, usukani ukizungushwa nyuzi 24, mhimili wa chini hugeuka nyuzi 1 tu. Dereva anazungusha sana, lakini kila mzunguko ni mwepesi kwa kadiri chuma peke yake kinavyoweza kuwa chepesi. Boksi la pawa limechongwa tofauti: nyuzi 17.5 kwa 1. Linageuza haraka, kwa sababu kazi nzito imeachiwa mafuta yanayosukumwa na pampu. Ukiuondoa mkanda, unabaki na uwiano wa haraka usio na msaidizi, na zaidi ya hapo mikono yako ndiyo inayoyasukuma mafuta yaliyobaki ndani. Linakuwa zito kupita boksi ambalo halikuwahi kuwa na pampu.

«Kitu kilichozoea kusaidiwa,» alisema, «ukikinyima msaada hakirudi kuwa kama kile ambacho hakikusaidiwa tangu mwanzo.» Alikuwa akizungumzia boksi. Sisi tulitazama pembeni.

Alitusimulia pia habari za Francis W. Davis, mhandisi aliyetengeneza pawa stelingi yake katika miaka ya 1920, akakaa miongo miwili na nusu akingoja mtu wa kuiuza kwa umma, mpaka Chrysler ilipoiweka kwenye Imperial ya mwaka 1951, hataza zake za awali zikiwa zimekwisha muda. Mzee anamheshimu sana mtu huyo. Hana ugomvi wowote na pawa stelingi, na hilo tulimweleza binti baadaye, ingawa hakutuamini.

Hapa hatuna budi kutoa ungamo dogo. Sisi tulijifunza kuendesha kule nyumbani, Rombo, katika Land Rover ya misheni ambayo haikujua pawa stelingi ni nini. Dereva wa misheni, mwalimu wetu, alikuwa akitupiga vidole kwa rula kila tulipozungushia gumba kwenye usukani, kwa kuwa tairi likigonga jiwe usukani hurudi kwa kishindo na kuvunja gumba la mzembe. Tuliichukia Land Rover ile kila kona ya mlima, na tumeikumbuka kila tulipoendesha magari ya huku ambayo hayakuambii kitu kuhusu barabara. Kwa hiyo mzee alipotuuliza kama tungeweza kumsaidia Jumamosi, maana bega halimruhusu kunyanyua, tulikubali upesi kuliko ilivyostahili kwa mtu aliyetumwa kuzuia.

Jumamosi ilikwenda yote katika kuondoa. Tulimwaga mafuta, tukafungua mabomba, tukatoa pampu pamoja na mabano yake na mkanda wake, ambao kwa bahati njema ni wake peke yake, hivyo jenereta na feni havikuguswa. Boksi lenyewe limefungwa kwenye fremu kwa bolti tatu tu. Kazi iko kwenye mkono wa pitimani. Nati yake ni kubwa, imekazwa kwa nguvu nyingi, na haikuwa imeguswa tangu 1983. Tuliongeza bomba la maji kwenye mpini wa spana ili tupate urefu, tukajiegemeza kwa uzito wetu wote, spana ikatoka, na kidole gumba, kilekile kilichopona rula za Rombo, kikabanwa kati ya bomba na fremu. Mzee alituletea barafu na kutushauri tusiseme kwa sauti yale tuliyokuwa tukiyafikiri. Nati ilipolegea, mkono ulihitaji kuvutwa kwa chombo ambacho mafundi wetu nyumbani hukiita pula. Anayeugonga kwa nyundo huharibu gololi na beringi zilizo ndani.

Mkono huo wa pawa usingefaa tena. Mhimili wa boksi la kawaida ni mwembamba zaidi, na mzee, kwa uangalifu wa watu wa kiwandani, alikuwa ameuacha mkono wa asili ukiwa umefungwa kwenye boksi lake ndani ya turubai. Kile ambacho hakukihifadhi ni kiungo cha mpira kinachounganisha nguzo ya usukani na boksi. Cha pawa kina meno 36, boksi la kawaida lina meno 30. Ilibidi kipya kiagizwe, na kilichukua siku tano kufika.

Siku hizo tano hazikupotea. Tulipolifungua boksi la kale, tulikuta grisi ya mwaka 1983 imekauka ikawa kama nta ya mshumaa wa zamani. Maboksi ya kawaida hutumia grisi, si mafuta mepesi, na grisi huzeeka hata isipofanya kazi. Mzee aliliosha kila jino kwa mafuta ya taa na mswaki, kwa mkono wa kushoto. Alizimwaga gololi katika bakuli, akazihesabu, akazihesabu tena, akasema imepungua moja. Tulitambaa kwa magoti sakafuni karibu saa nzima, padre na mzee wa miaka 79, mpaka ikapatikana kwenye mkunjo wa suruali yetu.

Katika kulikusanya tena hakuturuhusu kugusa. Ni kazi aliyoifanya maelfu ya mara, na uso wake ulibadilika alipokuwa akiifanya. Kwanza hukazwa beringi za skrubu, kisha mhimili huzungushwa toka mwisho hadi mwisho huku mizunguko ikihesabiwa, na kurudishwa nusu ya hesabu hiyo, ili boksi liwe katikati kabisa. Hapo katikati ndipo meno huwa yamebanana zaidi, na hapo ndipo hurekebishwa skrubu ya juu. Akatuonya kwamba boksi lisilofungwa kwenye magurudumu lisigongeshwe kamwe kwenye miisho yake, kwa maana vile vijibomba vya gololi hupinda, na usingejua mpaka siku usukani utakapokwama.

Jumapili alasiri, uwanja wa kanisa ukiwa mtupu, tulilijaribu. Mzee aliketi, akawasha, akashika usukani kwa mikono yote miwili, na hakuweza kuugeuza. Gari lilikuwa limesimama. Tuliona mishipa ya shingo yake, tukaona mkono wa kulia ukiachia na wa kushoto ukibaki peke yake. Hakututazama. Tulisimama kando tukifikiria yule muuguzi na ahadi yetu, na tukajua kwamba endapo bega lile lingechanika siku ile, tungekuwa na sehemu yetu katika jambo hilo, na isingetosha kusema tulimshikia tochi tu.

Kisha akafanya jambo tulilopaswa kulikumbuka sisi tulioendesha Land Rover: akaliachia gari lisogee hatua moja, ndipo akageuza. Likakubali. Tairi lililosimama husugua lami kwa uzito wote wa injini. Lililokwisha kuanza kubingirika hudai nusu ya nguvu hiyo au pungufu. Alizunguka uwanja mara sita. Kila kona ilimgharimu, lakini aliipata.

Jumanne tulilipeleka kwenye alaimenti. Uma wa mbele wa baiskeli umelazwa kidogo, na ndiyo maana mtoto anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda wima. Gari nalo lina mwinamo kama huo, uitwao kasta. Mwaka 1983 mwinamo ulikuwa umeongezwa, kwa sababu pampu haikujali uzito na gari lilishika njia vizuri zaidi. Gari lisilo na pampu hudai mwinamo ukaribie sifuri, ingawa usukani nao huwa mvivu wa kujirudisha baada ya kona. Fundi aliondoa sahani za kurekebishia na kuzipanga upya. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko tulivyotarajia. Mzee aliendesha mwenyewe kurudi nyumbani, kilomita tisa, na hakusema neno njia nzima isipokuwa mara moja tulipopita juu ya reli: «Umesikia?» Tulikuwa tumesikia. Reli zote mbili ziliingia viganjani mwake, na kwa namna fulani hata kwetu tuliokaa kando.

Binti alikuja Alhamisi. Tulikuwapo, kwa kuwa tulihisi ni haki tuwepo. Hakutusalimu kwa uchangamfu, wala hatukumlaumu. Alizunguka gerejini akitazama, na macho yake yakafika juu ya rafu. Pale palipokuwa na boksi la kale palikuwa na turubai lilelile, limefungwa kwa kamba mpya, na juu yake utepe mweupe ulioandikwa kwa herufi kubwa jina la mama yake. Boksi la pawa, pampu, mabano, mkanda, hata ule mkono wa pitimani uliotuumiza, vyote vilikuwa vimeoshwa na kupakwa mafuta.

Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akauliza, «Baba, kuvirudisha huchukua muda gani?»

«Siku mbili,» alijibu mzee, «kama padre hashiki spana.»

Akaomba ufunguo. Ni mwanamke mwenye nguvu, amezoea kunyanyua wagonjwa, na hata hivyo tulimwona akipambana kwenye kona ya kwanza mwisho wa barabara. Aliporudi aliegesha upande, tairi moja juu ya nyasi, akashuka akijikanda viganja.

«Mama asingeweza,» alisema.

«Ndiyo maana,» alisema mzee.

Kuhusu bega, muuguzi ametoa masharti: nusu saa kwa siku, mchana tu, na asiegeshe mahali pa kubana. Mzee amekubali la mchana. Mawili mengine bado yanajadiliwa, na kila upande umekwisha kutupigia simu kutaka tuwe upande wake. Jumamosi hii tunatarajiwa gerejini tena, kwa kuwa grisi mpya imejipanga na usukani umepata mchezo mdogo katikati. Skrubu ya juu inahitaji kukazwa kidogo sana, na mzee ametusihi tuje bila spana.